Jozi za Kinanda cha Bi Mwatum

Ruwi, Muscat
2 Machi 1997

Kwa mke wangu Ruweida,

Mie mzima, na kazi ipo. Alya mbusu mashavu yote mawili, lile la kulia kwa zamu yangu, maana ndilo alilokuwa akinipa. Hapa dukani tunatengeneza spika na vinanda vya umeme, vya zamani kwa vipya, na kila siku naona kitu ambacho sikuwa nikikijua. Usiku nikilala nakipanga chote mule mwetu, kwenye chumba cha mbele.

Na hicho chumba ndicho kilichonishikisha kalamu. Baba ameniandikia. Anasema karakana inashinda imefungwa, na yupo muuza vitambaa anayekitaka chumba. Nimemjibu kwamba mdogo wangu Jaribu yupo na kazi inakwenda. Sasa nakwambia wewe, Mama Alya, maana wewe ndiye uliyepo hapo na macho yako. Madhali Jaribu yupo, mlango ubaki wazi. Ikiwa Jaribu naye ameshachoka, basi mpe Baba ufunguo, tusivutane naye. Sitaki mke wangu asimame mlangoni kila asubuhi kuwaambia watu fundi hayupo.

Lakini sikufichi. Chumba kile kikiondoka, nikirudi sitakuwa na mahali pa kurudia. Nitakuwa mtu aliyetoka Uarabuni na begi.

Niandikie.

Mumeo,
Suhail

*

Jadida, Wete
17 Machi 1997

Shemeji Jaribu,

Umepanda meli juzi, jana barua ya kaka yako ikaingia. Ungengoja siku mbili tu tungeisoma pamoja tukajua la kusema. Lakini utakuwa umeshafika Tanga, kwenye gereji uliyoipata, Mungu aitie baraka. Mie sikulaumu. Ntu hutafuta.

Nna ombi moja. Usimwandikie kaka yako kwamba umeondoka. Amesema wewe usipokuwepo nimpe Baba ufunguo. Na mie simpi.

Nikueleze lililopo. Bi Mwatum, yule kiongozi wa kikundi cha taarab, ameleta kinanda chao. Kimekuja kwa gari la ng'ombe, kimefungwa godoro kama mgonjwa. Alikuwa akikutafuta wewe. Nikamwambia, "Jaribu hayupo, Bi Mwatum." Akasema, "Yupo nani?" Mdomo wangu ukasema, "Nipo mie." Akanitazama, akamtazama Alya mgongoni, akasema, "Haya, bora yupo ntu." Akakiacha.

Baba alikuwa barazani, kayasikia yote. Akaniita.

"Mwanangu, hicho si pasi ya kunyoshea nguo."

"Najua, Baba."

"Unajua nini?"

"Najua kulehemu. Suhail akilehemu, mie nikimshikia waya."

"Kushika waya!" Akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. Kisha akaiweka sawa. Akasema, "Bwana Suud wa Konde anaoza binti yake mwezi wa sita, na hao wa Bi Mwatum ndio wapigaji. Kinanda kikipiga huko bila ya kuniaibisha, chumba kibaki karakana. Kikiniaibisha, namtia ntu wangu wa vitambaa, wala tusinuniane."

Nikasema, "Hatununiani, Baba." Na ya safari yako kanikubalia hatamwandikia kaka yako mpaka harusi hiyo ipite.

Basi ndiyo hivyo. Nambie umeweka wapi ile mita ya namba ya kupimia umeme, na chuma cha kulehemu nikishike vipi kisiniunguze. Mie nimeishia darasa la saba, unajua, lakini ukiniandikia pole pole nafahamu.

Shemeji yako,
Ruweida

*

Tanga
24 Machi 1997

Shemeji fundi,

Nimecheka peke yangu chini ya lori mpaka mwenye gereji akainama kunitazama kama nimevuta gesi. Nimemwambia nyumbani wamepata fundi mpya, ana mtoto mgongoni.

Siri naitunza. Ila tuelewane. Kaka akiniuliza kwa kinywa simdanganyi. Akiniuliza kwa barua, barua huchelewa.

Mita ya manjano imo kwenye kopo la maziwa, juu ya kabati, nimeificha watoto wasiichezee. Betri yake imechoka, tia mpya, maana betri ikichoka mita husema uongo. Chuma cha kulehemu waya wake umechubuka karibu na mpini, kwa hiyo ufunge utepe kwanza, na usikiguse ukiwa umetoka kufua na mikono majimaji. Unapasha moto mguu wa kitu unachokilehemu, siyo ile risasi ya kuyeyusha. Mguu ukipata moto, risasi itakuja yenyewe. Umeme ukikatika usikasirike. Ngoja.

Zaidi ya hapo mie sijui. Vinanda ni vya kaka. Mie na radio tunasikilizana, kinanda hunitia woga, kina vitu vingi mno ndani. Mwandikie yeye umuulize kana kwamba mie ndiye ninayeuliza. Si uongo sana, maana na mie ningependa kujua.

Baba mwambie nimefika salama. Usimwambie kama nalala gerejini.

Jaribu

*

Jadida
27 Machi 1997

Baba Alya,

Karakana iko wazi. Nafagia asubuhi kabla jua halijaingia, na watu wanakuja. Jana imetengenezwa radio ya mwalimu, juzi pasi ya jirani. Baba anapita akitazama ndani.

Kimekuja kinanda cha umeme cha Bi Mwatum. Si hivi vya sasa vyenye ngoma ndani yake, ni kile cha zamani chenye vifundo vingi vya kuzungusha. Mmanga, mpigaji wao, alikuja kueleza maradhi yake. Anasema kipo kifundo kimoja ukikizungusha sauti hufunguka, inaanza kama mtu anayeimba kajifunika blanketi kisha analifunua kidogo kidogo. Ndicho anachokipendea. Lakini sasa kila akikizungusha spika inapiga du! Kama mchi unaoanguka kinuni. Mpiga fidla naye alikuja. Hao wawili hawaamkiani tangu uchaguzi, huyu chama hiki, yule chama kile, lakini walikiinamia kinanda pamoja, wananong'ona utasema wako kwa mgonjwa.

Jaribu amekifungua. Ndani kuna bodi yenye vitransista vidogo vyeusi, vimekaa viwili viwili, vinapanda kama ngazi. Viwili vya chini si wenziwe. Maandishi yake mengine, na kazi ya kulehemu ni mbaya, imejaa vidonge vya risasi. Mmanga anasema kiliwahi kutengenezwa huko kilikotoka kabla hawajakinunua. Jaribu anauliza ndio hapo palipo ugonjwa?

Na anauliza pia kwa nini viwe viwili viwili, kwani kimoja hakitoshi?

Alya anataka kusimama. Anashika mguu wa meza ya kazi, anatikisika, anakaa.

Mkeo,
Ruweida

*

Ruwi, Muscat
9 Aprili 1997

Mama Alya wangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikasimama. Mwambie Jaribu swali lake ni zuri kuliko maswali yote aliyowahi kuniuliza, na amenishangaza.

Ndio, ugonjwa uko hapo. Hilo ni chujio. Unavyochuja tui, chicha ikabaki juu na tui likapita, chujio la kinanda nalo huzuia sauti kali na kupitisha nzito. Kile kifundo cha Mmanga ndicho kinachotanua au kubana matundu yake.

Sasa kwa nini wawili wawili. Fikirini wachukuzi wawili wa gunia la karafuu, mti begani, gunia katikati. Sauti ndiyo gunia. Inapandishwa ngazi daraja kwa daraja, na kila daraja ina wachukuzi wawili. Wakiwa na nguvu sawa na kimo sawa, ukiwaambia kimbia au nenda pole, gunia halitikisiki. Lakini mmoja akiwa mrefu, mwengine mfupi, kila ukiwabadilisha mwendo gunia linamwelemea mmoja. Hilo ndilo du! la Mmanga. Si sauti ya muziki, ni amri ya kile kifundo inayovuja na kuingia kwenye muziki. Fundi aliyetangulia ametia wachukuzi aliowaokota njiani.

Transista zikitoka kiwandani, hata za jina moja, hazilingani. Kwa hiyo mtu hununua nyingi akazipima akatafuta zinazofanana. Nakutumieni mfuko mzima kwa mkono wa mwenzetu Qais, anakuja Chake mwisho wa mwezi, ataacha kwa shangazi yake Madungu. Mita itiwe kwenye alama ya mshale wenye kijiti mbele yake. Waya nyekundu mguu wa kati, nyeusi mguu wa pembeni, ule wa kushoto ukiitazama transista upande wake bapa. Namba itakayotoka iandikwe. Zenye namba moja ndizo jozi. Jozi ya chini kabisa na ya juu kabisa ndizo zisizosamehe, hizo zilingane mpaka tarakimu ya mwisho. Za katikati zinavumilia kidogo.

Baba ananiambia umekonda. Ni kweli?

Suhail

*

Jadida
3 Mei 1997

Baba Alya,

Mie sikukonda, Baba ananiona nikiwa nimesimama, zamani alikuwa akiniona nimekaa.

Mfuko umefika, lakini umefika majimaji. Mvua za masika unazijua, na aliyeutoa Madungu aliuweka juu ya gari. Transista zote zilikuwa zimelowa, na miguu yake inang'aa maji. Basi siku ya pili jua lilipotoka zikaanikwa uani juu ya jamvi, zikatandazwa moja moja, zikageuzwa, kama tunavyofanya siku zote na kitu kilicholowa. Alya alikuwa mapajani muda wote, anataka kuzitia mdomoni. Zikaanza kupimwa papo hapo, moja baada ya moja, mpaka alasiri na wingu lilipokuja. Namba zikatoka nzuri, na jozi zikapatikana nyingi kuliko tulivyotarajia.

Zikatiwa. Kulehemu kulikwenda vizuri, risasi imekaa laini, ungeiona ungefurahi. Bi Mwatum akaja na Mmanga, wakakaa. Mmanga akapiga. Sauti ile, Baba Alya! Sikujua kwamba kitu cha plastiki kinaweza kuwa na koo. Halafu akazungusha kifundo.

Du.

Dogo kuliko la kwanza. La kwanza lilikuwa mchi, hili ni mtu anayebisha hodi. Lakini lipo. Mmanga akasema, "Limepungua, tutavumilia." Bi Mwatum akasema, "Harusi ya watu utavumilia wewe?" Baba alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza, "Ndiyo hivyo?" Nikamwambia bado. Akasema, "Mwezi wa sita hauko mbali," akaondoka. Jana yule muuza vitambaa alikuja kupima ukuta kwa kamba.

Jaribu amevunjika moyo. Anasema amefuata kila neno uliloandika, namba zililingana, aliziona kwa macho yake. Kakosea wapi? Mjibu upesi. Mjibu hata kama ni kumwambia hawezi.

Ruweida

*

Ruwi, Muscat
12 Mei 1997

Mke wangu,

Namtumia msafiri anayeondoka leo, ndio maana mwandiko unakimbia.

Mwambie Jaribu hakuna aliyesema hawezi. Kulehemu kwake kumeponya nusu. Kosa ni moja tu, na nimelicheka kwa mapenzi mpaka jirani yangu wa chumba akaniuliza kuna nini. Mwambie transista si karafuu, haianikwi juani.

Transista ikipata joto, namba yake inashuka. Joto dogo tu linatosha, hata la ncha za vidole. Zile zilizopimwa mwanzo zilikuwa zimetoka juani zina moto, namba zake zikawa za chini. Zilizopimwa baada ya wingu zilikuwa zimepoa, namba zake za juu. Kwa hiyo ya moto na ya baridi zikitoa namba moja, si ndugu hao. Zikishaingia ndani ya kinanda zikawa na joto moja, kila moja inarudi kwenye kimo chake, na gunia linaelemea.

Basi afanye hivi. Aziweke chumbani kivulini, zisiguswe, mpaka ziwe na ubaridi wa chumba. Asizishike kwa vidole, azishike kwa kibanio cha nguo. Akishagusisha waya angoje namba itulie. Afunge dirisha ili upepo usiingie. Na anapopima asimpakate Alya, mtoto ni jiko.

Akishapata jozi, azigandishe kwa gundi, uso bapa kwa uso bapa, na azizungushie uzi. Hapo moja ikipata joto na mwenziwe anapata, zinapanda pamoja na kushuka pamoja.

Mwambie namwamini.

Suhail

*

Jadida
20 Mei 1997

Shemeji Jaribu,

Nambie kweli, umemwandikia kaka yako? Ameandika "asimpakate Alya." Tangu lini wewe ukampakata Alya ukifanya kazi? Ukimshika humshika kama bomu. Nimeisoma pale mara nyingi, sijui anatania au anajua. Nijibu upesi.

R.

*

Tanga
23 Mei 1997

Shemeji,

Wallahi sikumwandikia. Tatizo si mie, tatizo ni mkono wako. Mtu akisoma "zikatandazwa moja moja, zikageuzwa" atadhani ni Jaribu? Kaka ananijua tangu nazaliwa. Mie nguo yangu yenyewe siigeuzi juani.

Lakini sasa kwani unaogopa nini? Kazi si unaifanya? Ifanye.

J.

*

Jadida
24 Mei 1997

Baba Alya,

Nakuandikia leo kwa sababu kesho Bi Mwatum anakuja na sitaki furaha yangu ya leo ichanganyike na hofu ya kesho.

Zimewekwa chumbani siku nzima kwenye sinia, hakuna aliyeingia. Dirisha likafungwa. Alya akapewa babu yake. Baba alisema, "Nke wa ntu anapima vidudu, mie nalea!" Lakini alimchukua, na nikimsikia huko nje anamwimbia nyimbo ambazo naona hata wewe hukuwahi kuimbiwa.

Kupima kukaanza, kwa kibanio. Na hapo pakatokea jambo. Nilipofika kama nusu yake niliona namba zote zinaelekea chini. Chumba chenyewe kilikuwa kinapata joto, bati linaanza kuwaka juu. Nikasema basi, ndio tunarudi kwenye jamvi lile lile.

Nikamkumbuka mama. Mama yangu alikuwa na mizani ya kuazima, kila mara inakuja na tabia mpya. Kabla ya kupima kitu chochote alipima kwanza jiwe lake, lile analolijua. Mizani ikisema jiwe limezidi, alijua ni mizani iliyozidi, na alipunguza. Jiwe halikumdanganya.

Basi nikachagua transista moja, nikaiweka pembeni, nikaifanya shahidi. Kila nikipima moja, napima na shahidi. Shahidi akishuka, najua ni joto la chumba limetushukia sote. Sitazami tena namba yenyewe, natazama imepishana na shahidi kwa kiasi gani. Zinazopishana naye sawasawa nazitia kikombe kimoja. Vikombe vyote vya kahawa vya nyumbani vimejaa transista, Baba amekunywa kahawa yake kwa bilauri.

Jozi zimepatikana chache kuliko mara ya kwanza. Mara ya kwanza zilikuwa nyingi kwa sababu zilikuwa za uongo. Hizi nimezirudia mara tatu na hazikuyumba. Nimezigandisha uso kwa uso, nimezifunga uzi mweusi, na zimekaa kama watoto pacha ndani ya kanga moja. Jioni nimezilehemu. Umeme ulikatika nikiwa kwenye ya mwisho, nikangoja, ukarudi, nikamaliza.

Sasa hivi naisoma tena barua hii, na nimeona nimeandika "nili" na "nika" kila mahali, sikuandika Jaribu hata mara moja. Nilitaka kuichana. Nimeiacha. Kazi hii nimeipenda mno, sitaki kumpa mtu mwengine.

Ruweida

*

Ruwi, Muscat
1 Juni 1997

Kwa Fundi Ruweida,

Nilijua tangu jamvi. Jaribu hajawahi kuanika kitu maishani mwake. Nilipofika hapo niliiweka barua chini, na nikwambie kweli, kwanza nilikasirika. Nikasema, mke wangu ananificha. Nikakaa. Kisha nikajiuliza ningesema nini lau ungeniambia. Ningesema mpe Baba ufunguo. Nilikuwa nimeshasema. Kwa hiyo nikaandika jibu kwa Jaribu, nikiliandika kwako, na pale kwa Alya nilitaka ujue kwamba najua, lakini sikutaka kukusimamisha katikati ya kazi.

Juu ya yule shahidi. Sikukufundisha. Hapa dukani tuna kisanduku cha kushikilia joto, tukipima tunatia humo, kwa hiyo sikuwahi kufikiria mtu asiye na kisanduku atafanya nini. Niliwasomea wenzangu kipande kile cha barua yako. Mmoja, ni mtu wa Kerala, mzoefu, akasema ndivyo baba yake alivyokuwa akifanya. Akaniuliza, "Nani huyu?" Nikasema, mke wangu. Nimeshawahi kulisema neno hilo mara nyingi hapa, watu wakiuliza nimemwachia nani nyumba. Safari hii nililisema kwa sauti nyengine, mpaka mwenyewe nikajisikia.

Sijui kinanda kimelia au hakikulia. Barua yako ilisimama siku moja kabla. Lakini ufunguo usimpe Baba. Kikiaibisha, mwambie ni mie niliyesema usubiriwe, mpaka utengeneze tena. Nimemwandikia na yeye hivyo hivyo, barua iko ndani ya hii.

Suhail

*

Jadida
8 Juni 1997

Baba Alya mpenzi,

Barua yako imeletwa jana, harusi ilikuwa Alhamisi. Kwa hiyo yote yameshapita bila ya wewe kuniombea ruhusa, na ile ya Baba sikumpa. Utaona kwa nini.

Bi Mwatum alikijaribu siku ile aliyokuja, kikakaa kimya pale pa du. Lakini mie sikutosheka, maana karakana joto lake dogo na Konde ni ukumbi wenye watu. Nikasema nakwenda nacho. Tulikwenda na gari la abiria, kinanda kimefungwa godoro lake, mie na Alya tumekaa ubavuni. Mpiga fidla alishika upande mmoja, Mmanga upande mwengine, hawakusemezana njia nzima, lakini kila penye shimo wote wawili walisema "Taratibu!" kwa pamoja.

Ukumbini joto, taa, wanawake wamejaa mpaka madirishani, udi unafuka. Mie nilikaa nyuma karibu na mlango. Nyimbo mbili za mwanzo Mmanga hakukigusa kifundo, naona aliogopa. Ya tatu Bi Mwatum akamgeukia hivi, kwa jicho tu. Akakigusa.

Sauti ilianza chini, imefungwa, kama inatoka chumba cha pili. Ikapanda. Ikafunguka pole pole, ikazidi, mpaka ikawa inang'aa juu ya fidla. Mie nilikuwa nangoja hodi. Haikuja. Akarudisha, akapandisha tena, haikuja. Nikatazama watu. Hakuna aliyegeuka, Suhail. Walikuwa wanawatunza waimbaji pesa, wanacheka, bibi mmoja anafuta jasho. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba pale palikuwa na kitu cha kusikika kikawa hakisikiki. Nikasema moyoni, hii ndiyo kazi yangu, ile wasioisikia. Nikalia kidogo, Alya akanishika pua.

Baadaye Bwana Suud alimwuliza Bi Mwatum, mbele ya Baba, "Kinanda hiki si kilikuwa kibovu? Nani amekitengeneza?"

"Fundi wa Jadida."

"Yupi? Jaribu?"

"Jaribu yuko Tanga. Huyo pale mwenye mtoto."

Bwana Suud akanitazama, akamtazama Baba. "Mzee Pandu, huyu ni wako?"

Baba akajinyoosha utasema anapigwa picha. Akasema, "Huyu nke wa mwanangu. Mie ndiye ninayemlelea ntoto akifanya kazi."

Bi Mwatum akacheka mpaka akamshika mtu bega.

Ijumaa baada ya sala yule wa vitambaa alikuja na kamba yake. Mie nilikuwa ndani, nalehemu. Nilimsikia Baba barazani: "Chumba kina mwenyewe."

"Lakini Mzee, tulikubaliana."

"Tulikubaliana kama kitakuwa kitupu. Kitazame. Kitupu hicho?"

Yule mtu akachungulia, akaniona nimeinama na moshi wa risasi unapanda. Akasema, "Samahani, fundi," akaondoka. Kwa hiyo sikuwa na haja ya kumpa Baba barua yako. Aliamua mwenyewe, mwache ajione aliamua mwenyewe.

Leo asubuhi niliamka, mlango wa karakana umeshafunguliwa na kumefagiwa. Nilidhani mwizi. Ni Baba. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, na mbele yake mtu wa Konde kaleta kinanda kingine, cha kikundi chao, na chengine kinakuja kutoka Chake. Baba akaniita kwa sauti ya kusikika mpaka njiani, "Fundi! Una wageni!"

Niletee kwa msafiri transista nyingi, safari hii zifungwe plastiki mbili. Na niletee chuma kipya cha kulehemu, hiki utepe wake umekuwa mkubwa kuliko mpini.

Rudi utakapopewa ruhusa, tunakungoja sote, na mahali pa kurudia pako papo. Ila uje ukijua kwamba meza ya dirishani, yenye mwangaza, ni yangu. Yako tutaichongea, tuitie upande wa pili.

Mkeo,
Ruweida